Nyumba Mpya za Mombasa: Maneno ya Vijana kwa Chama

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama kwa niaba ya vijana wafanyakazi wa Mombasa)



Tulipoomba kusema juu ya nyumba, ndugu fulani alituuliza kwa nini vijana wa chama waache habari za mishahara waende kushughulika na saruji na kokoto. Jibu letu ni fupi. Mshahara wa mfanyakazi wa Mombasa haukai mfukoni. Mwenye nyumba huuchukua kabla ya mwenye duka, na mwenye duka kabla ya mwalimu wa mtoto. Basi anayezungumza juu ya nyumba anazungumza juu ya mshahara.

Wazee hawahitaji kuambiwa hayo. Mwaka 1939 makuli wa bandarini na wafanyakazi wa idara ya ujenzi wa serikali walipogoma hapa Mombasa, nyumba na kodi zilikuwa katika malalamiko ya kwanza kabisa, na tume iliyoundwa kuchunguza mgomo ule iliona hivyo hivyo. Tarehe 13 Januari 1947 watu kama 15,000 waliweka kazi chini, bandarini, katika reli, mahotelini, hata majumbani kwa mabwana, na mji ukasimama karibu siku 12. Chege Kibachia, aliyekiongoza chama cha African Workers' Federation, alikamatwa mwezi wa Agosti mwaka huo akapelekwa Baringo. Posho ya nyumba ambayo leo twaiona katika karatasi ya mshahara haikushuka kutoka mbinguni. Leo imo katika Sheria ya Kazi ya mwaka 2007, kifungu cha 31, kwamba mwajiri ampe mfanyakazi nyumba ya kufaa, au ampe fedha za kutosha kupangia. Neno ni "za kutosha", na ni juu ya chama kuuliza kila mwaka kama zinatosha.

Sasa tuje kwa mambo ya leo. Mombasa inajengwa. Ukisimama Makupa ukatazama upande wa Tudor, au ukiwa juu ya daraja la Nyali ukatazama kisiwani, waona winchi za wajenzi na ghorofa juu ya ghorofa. Twataka ieleweke tangu mwanzo kwamba sisi hatukatai nyumba. Hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilionyesha Mombasa ina watu 1,208,333. Watu hao hawawezi kulala barabarani. Tena nyumba nyingi za iliyokuwa manispaa zilikuwa zimechoka kweli kweli: dari zinavuja, vyoo vimeziba, chuma kimetokeza nje ya saruji kama mbavu za ng'ombe wa ukame. Mtu anayesema zibaki vile vile hajapata kulala ndani yake wakati wa mvua za masika. Shaka yetu ni moja: zinajengwa kwa ajili ya nani, na aliyekuwapo anakwenda wapi?

Chukueni mfano wa Buxton. Palikuwa na nyumba 520 za kupanga, mali ya baraza na baadaye ya kaunti. Kazi ya kuzibomoa na kujenga upya ilianza mwaka 2021, na mpango ulikuwa wa nyumba zaidi ya 1,800 mahali pale pale. Ilitangazwa kwamba wapangaji wa zamani watapewa fedha za kupangia kwingine wakati wa ujenzi, na kwamba watatangulizwa katika kununua. Sikilizeni neno hilo, ndugu, maana ndilo lenye uzito: kununua. Mtu aliyekuwa mpangaji wa umma, akilipa kodi ndogo inayolingana na kazi yake, anaambiwa sasa awe mnunuzi. Mwenye kazi ya kudumu na rekodi nzuri benki ataweza kujaribu. Je, mama mjane aliyerithi upangaji wa mumewe? Je, kijana anayesimama getini alfajiri akingojea kuitwa kwa kazi ya kutwa, asiyejua wiki ijayo atafanya kazi siku 2 au siku 5? Kwake yeye nafasi ya kwanza ya kununua ni kama kupewa nafasi ya kwanza katika foleni ya ndege naye hana nauli.

Buxton si peke yake. Tudor, Khadija, Mzizima, Changamwe na Likoni nazo zilitajwa katika mipango ya namna hiyo. Hizo ndizo nyumba ambazo wengi wetu tumezaliwa ndani yake. Zikibadilika zote kutoka za kupanga kuwa za kuuzwa, kaunti itakuwa imemaliza nyumba za kupangisha watu wake, na hakuna sheria itakayozirudisha kwa urahisi.

Lakini yaliyo makubwa zaidi, kwa maoni yetu, hayamo katika nyumba za kaunti. Yamo Majengo, Kaloleni, Bondeni, Mwembe Tayari. Huko ndiko nyumba ya Kiswahili imemlaza mfanyakazi wa Mombasa kwa karibu miaka 100 bila ya serikali kutoa hata tofali. Mnaijua ilivyo: mlango wa mbele wenye baraza, ukumbi wa katikati, vyumba vitatu kushoto na vitatu kulia, na ua nyuma penye jiko, choo na kamba ya nguo. Mwenye nyumba hukaa chumba kimoja au viwili, vingine hupangisha. Mgeni kutoka bara au kutoka Kilifi akifika mjini na bahasha yake ya kazi, huko ndiko alikopata chumba, jirani, na mtu wa kumkopesha unga mpaka mwisho wa mwezi.

Nyumba hizo nyingi ni nyumba bila ardhi. Ndugu waliotoka mbali huona ajabu wakisikia hivyo, kwa hiyo tuseme kidogo. Mtu alikodi kiwanja kwa mwenye ardhi, akalipa kodi ya ardhi kila mwezi, akajenga kuta na paa kwa fedha yake. Kuta ni zake, paa ni lake, lakini udongo si wake. Mzizi wa jambo hili ni wa zamani. Sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908 iliwataka watu wa pwani wapeleke madai yao yaandikwe. Waliojua kuandika na kutafuta wakili walipata hati, na ardhi ambayo haikudaiwa ikawa ya Serikali ya Kiingereza. Wajukuu wa wale waliokosa ndio wanaolipa kodi ya ardhi mpaka leo.

Zamani, kiwanja kilipokuwa na thamani ndogo, mwenye ardhi na mwenye nyumba walikaa kwa salama. Sasa kiwanja hicho hicho kinaweza kubeba ghorofa nane. Mwenye ardhi anauza, na mnunuzi analeta ilani. Mwenye nyumba hupewa kifuta jasho cha kuta zake, tena baada ya kubishana. Wapangaji wa vyumba vyake hawapewi kitu, kwa kuwa hakuna karatasi popote yenye majina yao. Familia tano au sita zinatoka kwa siku moja, na jirani yao wa kesho ni Mungu ajuaye. Wanavuka kwenda Likoni, Kisauni, Miritini, Mtwapa. Hapo mishahara yao imekatwa bila mwajiri kugusa kitu: nauli ya matatu asubuhi na jioni, kivuko cha Likoni na foleni yake, na saa mbili za usingizi kila siku. Mtu wa zamu ya usiku bandarini aliyekuwa akitembea kwa miguu kutoka Majengo leo hana njia.

Tutasema machache juu ya Mji wa Kale, ingawa baadhi ya wanachama wanaona hayo ni mambo ya watalii. Ngome, iliyoanza kujengwa na Wareno mwaka 1593, iliandikwa katika urithi wa dunia na UNESCO mwaka 2011. Ngome inalindwa. Lakini mji unaoizunguka ni wa watu wanaoishi. Nyumba za mawe ya matumbawe na chokaa, upana wa chumba ukifuata urefu wa boriti ya mkoko, kwa sababu boriti haikuweza kuvuka zaidi ya hapo: huo ni ujuzi wa mafundi, wafanyakazi kama sisi. Mafundi wanaojua kuchoma chokaa na kuchonga mlango wanapungua, na vijana hawafundishwi, kwa kuwa kazi yote imekuwa ya saruji. Ghorofa ndefu ikiingizwa katika uchochoro wa Mji wa Kale, inaziba upepo wa kusi kwa nyumba zote za nyuma, inachungulia ua za watu, na msingi wake huchimbwa kando ya kuta zilizosimama bila nondo. Sheria ya Makumbusho na Urithi ya mwaka 2006 ipo. Kinachotakiwa ni mtu wa kuisimamia kabla ya tingatinga kufika, maana baada ya hapo kesi ni ya vifusi.

Kisha kuna maji. Hakuna mtu mwenye mfereji Mombasa asiyejua ngoma hii. Maji ya mji hutoka mbali: Mzima kule Taita Taveta, Baricho kule Kilifi, Marere na Tiwi upande wa Kwale, na hayatoshi hata kwa watu waliopo. Tufanye hesabu nyepesi. Mahali palipokuwa na nyumba 520, tukikisia watu watano kwa nyumba, walikaa watu 2,600. Zikiwa 1,800, ni watu 9,000. Bomba limepanuliwa? Mfereji wa maji machafu je? Shule ya msingi ya karibu imeongezwa darasa? Tumeuliza maswali haya katika mikutano ya hadhara, na tukajibiwa kwa picha nzuri za rangi. Katika picha hizo kuna miti, magari na watoto weupe weupe wakicheza mpira. Mkokoteni wa maji haumo.

Na sasa, ndugu, jambo linaloingia moja kwa moja mkononi mwa chama. Tangu Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya mwaka 2024, kila mfanyakazi wa mshahara hukatwa asilimia 1.5, na mwajiri naye huongeza asilimia 1.5. Anayepata shilingi 20,000 hutoa 300 kwa mwezi, mwajiri 300. Kwa mwaka ni shilingi 7,200 zikijumlishwa, kwa miaka 10 ni 72,000. Fedha hizo hupewi dhamana kwamba zitakuletea chumba. Sheria hiyo imegawa watu kwa mapato: walio chini ya shilingi 20,000 kwa mwezi, walio kati ya 20,000 na 149,000, na walio juu ya hapo. Sisi twasema hivi: ikiwa kuli, mpishi wa hoteli na mfagiaji wanachanga, basi nyumba za lile fungu la chini zihesabiwe mbele ya macho yetu, Mombasa hapa hapa. Tuambiwe ni ngapi, ziko wapi, na nani amepewa ufunguo.

Lipo pia la wale wanaozijenga. Vijana wenzetu wengi wanafanya kazi katika mijengo hiyo kama vibarua wa kutwa. Wanapanda ghorofa ya saba kwa ndala, bila kofia ya chuma, bila jina katika daftari la NSSF. Akianguka, msimamizi humjua kwa jina la utani tu. Chama cha wajenzi na chama chetu vikae pamoja juu ya hili. Mji hauwezi kusifiwa kwa ghorofa zilizojengwa na watu wasioandikwa.

Wazee wengine wametuambia, "Ninyi vijana mwataka mji ukue, tena mwataka usiguswe." Hapana, baba zetu. Twataka ukue pamoja nasi ndani. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya nyumba ya kufaa. Haikusema kila mnunuzi.

Kwa hiyo twaleta maombi haya mbele ya mkutano. Kwanza, kabla ya mtaa wowote kubomolewa, majina ya wapangaji wote yaandikwe, pamoja na wapangaji wa vyumba, na kila mmoja apewe karatasi yenye sahihi inayosema atarudi lini na kwa kodi gani. Tena sehemu ya nyumba mpya katika ardhi ya umma ibaki ya kupanga daima, isiuzwe. Chama kidai kiti katika kamati za kaunti zinazopitisha mipango hii, na ripoti za mazingira zikitolewa kwa maoni ya watu, ziletwe ofisini kwetu zikiwa zimeelezwa kwa Kiswahili, kwa sababu muda wa kupinga huwa mfupi, nazo ni kurasa nyingi za Kiingereza. Na katika mapatano yajayo ya mishahara, posho ya nyumba ipimwe kwa kodi ya leo ya chumba cha Kisauni au Changamwe.

Sisi vijana tumejitolea kufanya kazi ya kwanza. Tumekwisha kupanga watu wawili wawili kwa kila mtaa, wenye daftari, wapite nyumba kwa nyumba Majengo na Tudor jioni baada ya kazi. Twaomba katibu wa tawi atupe barua yenye muhuri ili tusifukuzwe milangoni, na kabati moja lenye kufuli la kuwekea madaftari.