Dereva, Linda Vifaa vya Trela Lako

Ndugu msikilizaji, hasa wewe dereva wa masafa marefu unayelala njiani kuelekea Tunduma: mwizi hupenda kinachofunguka upesi. Tairi la akiba lifunge kwa mnyororo mnene na kufuli, si kwa kamba. Sanduku la betri litie komeo la chuma. Mfuniko wa tangi la mafuta uwe wa ufunguo. Chora namba ya gari kwenye betri, taa na vioo vya pembeni, kwani kifaa chenye alama hakiuziki kirahisi. Jeki iingize ndani. Egesha penye taa na mlinzi. Ukiibiwa, piga 112. Nawe unayenunua spea za bei ya kutupa, kumbuka: kupokea mali ya wizi ni kosa la jinai.