Sindano ya Kusemesha na Haki ya Kunyamaza

(Maneno yaliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama, Lamu)



Baadhi yenu mmetuuliza kama ni kweli iko sindano ambayo mtu akidungwa hawezi tena kusema uwongo, na kama polisi waweza kumdunga mtu waliyemkamata.

Dawa zipo. Mwaka 1922 daktari mmoja wa Marekani, Robert House, aliwapa mahabusu wawili wa Dallas skopolamini, dawa ambayo imo hata katika mnanaha, akaamini kuwa hawawezi kuficha neno. Baadaye zikatumiwa dawa za usingizi za chumba cha upasuaji. Lakini dawa hizo hulegeza ulimi tu, hazileti ukweli. Nyote mmepata kumsikia mlevi: husema ya kweli, husema ya uwongo, na husema yale aliyotiwa kinywani na anayemwuliza. Polisi wa India walizitumia, mpaka tarehe 5 Mei 2010 Mahkama ya Juu ya nchi hiyo ilipoamua kuwa mtu asidungwe bila ridhaa yake.

Kwetu, yatosha kutazama ng'ambo ya mkondo. Miaka ya 1950, wakati wa Hali ya Hatari, Manda palikuwa na kambi ya vizuizi. Gakaara wa Wanjau, mwandishi, aliwekwa humo. Watu wa kambi hizo walifungwa bila ya kuhukumiwa, na njia ya kutokea ilikuwa ni kukiri. Mtu aliyechoka hukiri hata asilolitenda, apate kurudi kwa watoto wake. Neno la namna hiyo na neno la sindano, kwetu sisi ni mamoja.

Wako wasemao, asiye na hatia anaogopa nini? Baada ya mauaji ya Mpeketoni ya Juni 2014 swali hilo lilikuwa na uzito, kwani kila mtu alitaka wauaji wapatikane. Nasi tulitaka. Lakini akifungwa mtu kwa neno alilolazimishwa kusema, muuaji mwenyewe hatafutwi tena.

Katiba ya 2010, kifungu cha 49, yampa aliyekamatwa haki ya kunyamaza, ya kuonana na wakili, na ya kutolazimishwa kukiri. Kifungu cha 25 chakataza mateso kabisa. Sindano haikutajwa kwa jina, lakini kwa maoni yetu imo. Na Sheria ya Ushahidi yataka kukiri kuwe mbele ya jaji, hakimu, au afisa wa polisi mwenye cheo asiyepeleleza kesi hiyo, naye mshitakiwa awe na mtu wa tatu aliyemchagua mwenyewe.

Basi mwanachama akikamatwa, ataje jina lake, aombe wakili, anyamaze. Jamaa zake wamletee habari katibu siku ile ile, wataje kituo na saa aliyokamatwa, maana zile saa 24 za kufikishwa mahkamani huhesabiwa tangu hapo.