TUULIZE KABLA YA KUCHOMA: VINYAGO VYA UNYAGO NA USALAMA WA BIBI ZETU

(Maneno yaliyotolewa kwa wajumbe wa kamati za parokia, Mhunze, Wilaya ya Kishapu)



Tunawashukuru kwa kuacha shughuli za shamba na mifugo na kuja kutusikiliza. Leo hatukuja kuzungumzia visima wala madawati. Tumekuja kuzungumzia kipande cha mti kilichochongwa, ambacho huenda bibi fulani amekifunga katika kanga kuukuu na kukiweka chini ya kitanda.

Tuanze na kosa letu wenyewe. Miaka iliyopita tulikuwa wageni katika kigango kimoja ambacho hatutakitaja. Bibi mmoja mjane, aliyeolewa huku kutoka upande wa Morogoro, alileta vitu vyake vya zamani. Kamati ilitangaza mbele ya watu wote kwamba ni vifaa vya kishirikina, ikavichoma. Sisi tulipiga makofi. Kati ya vitu hivyo kulikuwa na mwanasesere wa mti asiye na mikono, mwenye nywele zilizosukwa. Wiki haikuisha watoto wakaanza kumwita bibi yule mchawi, na binti yake akaja kumchukua usiku.

Baadaye tulijifunza kile kitu kilikuwa nini. Kwa Wazaramo na Wakwere kinaitwa mwana hiti. Mwali akiwekwa ndani hupewa mwana hiti amtunze kama mtoto: humwogesha, humpaka mafuta, humtengeneza nywele. Hapo hufundishwa ulezi na heshima ya uzazi. Kilikuwa kitabu cha kufundishia, na sisi tulikiita uchawi kwa sababu hatukujua kukisoma.

Mafunzo ya namna hii yapo kwingi. Kule Newala na Mtwara, Wamakonde huchonga kinyago cha uso kiitwacho lipiko, na kingine cha kiwiliwili kiitwacho njorowe, chenye matiti na tumbo la mama mjamzito. Lakini anayekivaa na kucheza nacho ni mwanamume. Huko Liberia na Sierra Leone, kwa Wavai na Wamende, mambo ni tofauti. Katika chama cha akina mama kiitwacho Sande, mwanamke mwenyewe ndiye huvaa kinyago wakati wasichana wanapofundwa. Ni cheusi, kina nywele zilizosukwa vizuri, na mdomo ni mdogo uliofumbwa. Binti hufundishwa kwa kukitazama: jitunze, na usiseme kila ulijualo.

Wengine wanajua thamani ya vitu hivi kuliko sisi. Mwaka 1984 kinyago cha Kimakonde kiliibwa katika Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam. Mwaka uliofuata kilinunuliwa na makumbusho moja ya Geneva, Uswisi, na kilirejeshwa Tanzania mwaka 2010 tu. Ilichukua miaka 26 kurudisha kitu kimoja. Kilichochomwa hakirudi kabisa.

Ndugu wajumbe, hapa kwetu Usukumani suala hili si la makumbusho tu. Mnajua, na hatuna haja ya kuficha, kwamba katika mikoa hii bibi wengi wameuawa kwa kudhaniwa wachawi. Wengine walishukiwa kwa macho mekundu, ambayo mara nyingi yametokana na moshi wa miaka mingi jikoni. Kamati inaposimama hadharani na kusema "tumekuta vifaa vya uchawi kwa bibi fulani", inaweza kuwa imemwonyesha muuaji mlango.

Kanisa hapa lina mfano mzuri zaidi. Kuanzia miaka ya 1950, Padri David Clement, mmisionari kutoka Kanada, alishirikiana na Wasukuma pale Bujora, karibu na Mwanza, kukusanya ngoma, viti vya watemi na vifaa vya waganga. Leo makumbusho yale yako katika eneo la parokia, na watoto wetu huenda kujifunza.

Hatusemi kila mila ibaki. Utafiti wa afya wa kitaifa wa mwaka 2010 ulionyesha kuwa mkoani Shinyanga asilimia 59 ya wanawake wenye umri wa miaka 20 hadi 24 waliolewa kabla ya kutimiza miaka 18. Mafundisho yoyote yanayomtoa binti shuleni na kumpeleka kwa mume, tuyaache bila kusita. Lakini tumwachishe binti ndoa ya utotoni bila kumhatarisha bibi yake.

Hivyo basi tunaziomba kamati mambo matatu:

1. Kitu cha zamani kikiletwa, kisitangazwe hadharani. Wajumbe wawili akina mama wakae na mwenyewe, wamsikilize.

2. Maelezo yake yaandikwe: kilitumikaje, kilifundisha nini, kilitoka wapi.

3. Akitaka kukitoa, kihifadhiwe parokiani au kipelekwe Bujora. Kisichomwe, wala kisiuzwe kwa mfanyabiashara anayepita.

Kwa ndugu wafadhili wanaosoma haya: kazi hii haihitaji jengo. Inahitaji daftari, kabati lenye kufuli, na nauli ya akina mama wawili.

Bibi yule wa Morogoro hakurudi tena kigangoni. Tunaomba asiwepo mwingine wa kuondoka usiku kwa ajili ya makofi yetu.