Mzee Barzilai na Mahali pa Kuzeekea

(Somo: 2 Samweli 17:27–29 na 19:31–40)



Leo napenda tutafakari jambo ambalo wengi wetu hulizungumza kwa mzaha tu, mpaka siku ile barua ya kustaafu inapowekwa mezani. Jambo lenyewe ni hili: tutakapoacha kazi, tutaishi wapi, na tutaishi namna gani? Huenda wewe msikilizaji ungali kijana, ukaona kwamba maneno haya ni ya wazee. La hasha. Nyumba ya uzeeni huanza kujengwa wakati magoti yangali na nguvu.

Katika Kitabu cha Pili cha Samweli tunakutana na mzee mmoja ambaye hatajwi mara nyingi katika mahubiri yetu. Jina lake ni Barzilai, Mgileadi wa Rogelimu. Mfalme Daudi alipomkimbia mwanawe Absalomu, akafika Mahanaimu akiwa amechoka pamoja na watu wake, Barzilai na wenzake walimletea vitanda, vyombo, ngano, shayiri, maharagwe, asali, siagi na kondoo. Vita vilipokwisha, mfalme hakuusahau wema ule. Akamwalika mzee huyo avuke naye mto Yordani, akaishi Yerusalemu na kutunzwa katika nyumba ya mfalme maisha yake yote.

Ndugu zangu, nani kati yetu angeukataa mwaliko kama huo? Lakini Barzilai aliukataa, tena kwa adabu kubwa. Alisema kwamba amekwisha kutimiza miaka 80. Ulimi wake hauonji tena utamu wa chakula, na masikio yake hayafurahii tena sauti za waimbaji. Kwa nini basi awe mzigo kwa mfalme? Akaomba arudi mjini kwake, afe karibu na kaburi la baba yake na mama yake. Kisha akamtoa kijana Kimhamu, aende na mfalme badala yake. Daudi akakubali, akambusu mzee yule, akambariki, na kila mmoja akashika njia yake.

Tuyatazame kwa makini aliyoyafanya Barzilai. Kwanza, aliujua mwili wake. Hakujidanganya kwamba angali kijana, wala hakuona haya kuutaja udhaifu wake mbele ya mfalme. Pili, aliwajua watu wake, yaani aliijua jamii ambayo ingemzika. Tatu, hakuwafunga vijana kwa uchaguzi wake mwenyewe. Yeye alibaki Gileadi, lakini Kimhamu alimwachia njia ya Yerusalemu. Mambo hayo matatu yanatosha kutuongoza leo.

Tuanze na mwili. Katika nchi yetu ya Tanzania, mtumishi wa umma anaweza kustaafu kwa hiari akiwa na miaka 55, na kwa lazima akiwa na miaka 60. Wengi hufika hapo wakiwa bado wana nguvu, na kwa hiyo hupanga makazi yao kana kwamba watabaki na miaka 60 siku zote. Mtu hujenga nyumba mlimani, mahali pazuri penye hewa safi, lakini gari halifiki wakati wa masika. Mwingine huenda kuishi kwenye baridi kali ya milimani, hali viungo vyake vinauma. Msikilizaji mpendwa, usijiulize tu kama utaweza kuishi pale mwaka ule utakaostaafu. Jiulize pia kama utaweza kuishi pale ukiwa na miaka 80 kama Barzilai. Maji yako umbali gani? Zahanati iko wapi, na je, dawa za shinikizo la damu au za kisukari hupatikana? Ukizidiwa usiku, nani atasikia ukiita? Maswali hayo yana uzito kuliko rangi ya bati na idadi ya vyumba.

Sasa tuje kwenye jambo la pili, yaani watu. Wahenga walisema: mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Wengi wetu tunaamini kwamba mwisho wa safari ya kazi ni kurudi nyumbani, kwenye kihamba cha Uchaggani, kwenye kibanja cha Bukoba, au kwenye shamba la baba huko Songea, Kigoma au Singida. Hamu hiyo ni njema, na Barzilai mwenyewe alikuwa nayo. Lakini tusisahau kwamba Barzilai alirudi mahali ambapo hakuwa amepahama. Majirani walimjua. Mtu aliyekaa mjini miaka 35, akaonekana kijijini kwa sikukuu chache tu, anaporudi anakuwa mgeni mwenye jina la pale.

Kijiji hakikumbuki cheo chako cha ofisini. Kinakumbuka misiba uliyofika, mchango uliotoa darasa lilipoezekwa, na jinsi ulivyomsalimu mzee uliyemkuta njiani. Basi, anayetaka kurudi aanze kurudi mapema. Aende likizo akae wiki mbili, si siku mbili. Apande migomba au miti sasa, maana mti haukui kwa haraka kwa sababu mwenye shamba amestaafu. Hali kadhalika, aulize habari za ardhi wazazi wangali hai. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imeweka utaratibu wa kupata hati ya hakimiliki ya kimila kupitia halmashauri ya kijiji. Mipaka ikiandikwa mapema, ndugu hawatagombana juu ya kaburi.

Na yule asiyetaka kurudi? Huyu naye asihukumiwe. Wako waliozaliwa mjini, wako ambao ndugu zao wote wamekwisha kufa, na wako wanaohitaji matibabu ya kila wiki yasiyopatikana kijijini. Kubaki Tabora, Tanga au Mbeya, karibu na kanisa lako, na jirani aliyekuzoea miaka 20, si kuusaliti ukoo. Kaburi la wazazi linaweza kuheshimiwa hata na mtu anayeishi mbali nalo.

Lakini, ndugu wasikilizaji, kuna mtu mmoja ambaye mara nyingi haulizwi katika mipango hii, naye ni mke. Mume husema, “Nikistaafu tunarudi kwetu.” Kwetu wapi? Kwa mume ni kwao. Kwa mke ni ugenini, pengine mahali penye lugha asiyoielewa vizuri, kati ya mashemeji asiowazoea. Mume akitangulia kufa, mama huyo hubaki peke yake katika nyumba ambayo wengine wanaihesabu kuwa ni mali ya ukoo. Tumewaona akina mama wa namna hiyo wakifungasha vitu vyao baada ya arobaini. Je, hilo ndilo pumziko tulilowaahidi siku ya harusi?

Maandiko yanatupa mfano mwingine katika Kitabu cha Ruthu. Naomi alirudi Bethlehemu akiwa mjane, baada ya miaka ipatayo kumi katika nchi ya Moabu. Alirudi hana kitu. Aliyefuatana naye, Ruthu, alikuwa mgeni kabisa katika mji ule. Wanawake hao wawili waliokolewa kwa sababu mji ule ulikuwa na sheria na ulikuwa na watu waliozitii. Maskini waliruhusiwa kuokota masazo shambani, na Boazi alisimama langoni, mbele ya wazee, akalimaliza suala la shamba hadharani. Hakulimaliza gizani wala kwa ahadi za mdomo tu.

Nasi tunazo sheria. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, katika kifungu cha 59, inakataza mmoja wa wanandoa kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Sheria za ardhi za mwaka 1999 zinamtambua mwanamke kuwa na haki sawa na mwanamume ya kumiliki ardhi. Basi, baba unayenisikiliza, jina la mama lionekane katika hati. Wosia uandikwe na kushuhudiwa ungali na akili timamu. Na kabla ya hayo yote, kaeni wawili mkaulizane: wewe ungependa kuzeekea wapi? Sikiliza jibu mpaka mwisho. Huenda mtakubaliana kwenda kijijini, huenda mtachagua mji mdogo ulio katikati. La msingi ni kwamba mtakuwa mmechagua wote wawili.

Jambo la tatu ni mali na kazi za mikono. Mwaka 2018 mifuko minne ya pensheni iliunganishwa kuwa Mfuko wa Hifadhi ya Jamii kwa Watumishi wa Umma. Mwaka huohuo kanuni mpya iliyopunguza malipo ya mkupuo ilileta manung'uniko makubwa, hata Rais Magufuli akaisitisha mwezi Desemba. Manung'uniko yale yalitufundisha jambo moja: watu wengi walikuwa wamepanga kuanza maisha ya uzeeni kwa fedha ambazo hawakuwa wamezipata bado. Nyumba ilisubiri mkupuo, shamba lilisubiri mkupuo, hata ada ya mtoto wa mwisho ilisubiri mkupuo. Fedha ya siku moja haiwezi kubeba mizigo ya miaka 30. Afadhali chumba kimoja kilichokamilika ukiwa kazini kuliko jumba la vyumba vinane lililoishia kwenye msingi.

Aidha, hakikisha kwamba michango yako inafika kwenye mfuko, maana pensheni ya kila mwezi hudai michango ya miezi 180, yaani miaka 15. Uliza sasa, usiulize siku ya kuaga. Na fedha ikija, jihadhari na biashara usiyoijua. Mwalimu aliyeshika chaki maisha yake yote hawi mwenye mabasi kwa siku moja. Afuge kuku wachache, afundishe watoto wa jirani kusoma, ahudumu katika kamati ya maji. Mikono isiyo na kazi huzeeka upesi kuliko miaka.

Lakini nafahamu kwamba wengi mnaonisikiliza hamna mfuko wowote. Ninyi ni wakulima, wavuvi, mama lishe na mafundi. Kwenu kustaafu ni siku ile jembe linapokuwa zito. Zanzibar, tangu Aprili 2016, ilianza kuwalipa wazee wote waliofikisha miaka 70 pensheni ya kila mwezi bila kujali kama waliwahi kuajiriwa. Hapo mwanzo ilikuwa shilingi 20,000. Kiasi ni kidogo, ila kinamwambia mzee kwamba jasho lake linajulikana. Nasi katika jumuiya zetu ndogo tusisubiri serikali peke yake. Jirani mzee anahitaji ndoo ya maji leo.

Mwishoni, tumkumbuke Kimhamu. Wazazi, msiwafanye watoto wenu kuwa ndiyo mpango wenu wote wa uzeeni. Wabarikini waende Yerusalemu yao. Na ninyi vijana mliobarikiwa, msisahau mlikotoka. Daudi, alipokaribia kufa, alimwagiza Sulemani awatendee wema wana wa Barzilai. Wema wa mzee yule ulikuwa ungali unazaa matunda.

Ndugu wasikilizaji, jioni ya leo, baada ya chakula, zimeni redio kwa nusu saa. Mume na mke, mzazi na mwana, mliulizane swali hili ambalo tumeliahirisha miaka mingi. Mungu, aliyetubeba tangu tumboni mwa mama zetu, asituache wakati wa mvi. Awabariki nyote. Amina.