NGUVU YA MJUMBE NI AMANA

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wajumbe wa wafanyakazi, Wajir)

Ndugu wanachama,

Leo twataka kusema juu ya jambo moja tu, nalo ni nguvu ya mjumbe kazini. Mjumbe wa chama hana cheo cha serikali, wala hashiki ufunguo wa sanduku la mishahara. Hata hivyo nguvu anayo. Akisema, pengine mtu hurudishwa kazini. Akinyamaza, mtu huenda zake na watoto wakalala njaa.

Mfano tunao hapa kwetu. Kuanzia mwaka 1992 ugomvi wa koo uliiharibu Wajir. Watu waliuawa, mifugo ikaporwa, na uadui ukaingia hata sokoni: mwanamke wa ukoo huu hakumwuzia mwanamke wa ukoo ule. Mwaka 1993 wanawake wachache, miongoni mwao Dekha Ibrahim Abdi, wakaanza kukutana. Hawakuwa machifu wala wabunge. Walikuwa na heshima yao kwa majirani, basi. Wakaanza na soko, wakaweka kamati ya kuangalia kwamba kila mwanamke anunue na auze bila kuulizwa ukoo wake. Kisha wazee nao wakakutana, wakatoa Tamko la Al-Fatah mwaka huo huo. Mwaka 1995 ikaundwa Kamati ya Amani na Maendeleo ya Wajir. Dekha alipewa tuzo ya Right Livelihood mwaka 2007, akafariki mwaka 2011 baada ya ajali ya barabarani.

Angalieni, ndugu: hawakungoja cheo. Walianza pale pale walipokuwa wakitafuta riziki, na sheria waliyoiweka iliwabana wao kwanza.

Sisi tulikosa hapo. Wakati mmoja nafasi za vibarua zilitoka kazini kwetu. Mkubwa wa kazi akatuomba majina, nasi tukampa majina ya jamaa zetu. Hakuna aliyetushtaki. Baadaye tukaitisha mkutano juu ya malipo ya saa za ziada, na nusu ya watu hawakuja. Tukawaita wavivu. Mzee mmoja, mlinzi wa lango, akatuambia: “Mlipogawa mlikuwa jamaa. Sasa mnadai, ndipo mwataka tuwe chama?” Hatukuwa na jibu. Madai yale yakaanguka.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yamkataza mwajiri kubagua watu kwa kabila, dini au jinsia. Tutamshikaje mwajiri kwa sheria hiyo, ikiwa orodha yetu wenyewe ni ya ukoo mmoja?

Kwa hiyo twawaomba wajumbe wote mambo manne. Nafasi ikitoka, itangazwe ubaoni, kila mtu aione. Mjumbe asiende kwa mkubwa wa kazi peke yake; waende wawili, na habari waliyoipata waiseme mbele ya wote. Mwenye shida asitozwe hata kikombe cha chai. Na aliyetupinga katika uchaguzi atetewe sawasawa na aliyetupigia kura.

Ndugu zetu, Wajir ni mji wa visima. Anayeshika ndoo huheshimiwa, maana wengine wanangoja na mifugo yao ina kiu. Lakini maji si yake. Akinywesha ngamia wake tu, kesho hatashikishwa kamba.

Umoja ni nguvu.