Aliyerudisha silaha anapotafuta shule na dawa



Katika mazungumzo yetu na wahami kuna swali linalorudi kila mara, na mara nyingi anayeliuliza ni mama. Anasema: «Nyumba yangu ilichomwa, watoto wangu wanalala chini ya hema. Lakini yule aliyebeba bunduki anapelekwa kujifunza kazi, na daktari anampima bila kulipa. Je, serikali inalipa watu kwa ubaya wao?» Swali hilo si la wivu, wandugu. Ni swali la haki, na mtu aliyesoma sheria hawezi kulikwepa.

Kwanza tutenganishe watu wawili ambao kijijini tunawaita wote «askari wa zamani». Yuko askari wa jeshi la taifa aliyemaliza utumishi wake. Haki za huyo tunazitafuta katika sheria ya tarehe 15 Mwezi wa kwanza 2013, inayohusu askari wa FARDC. Na yuko yule aliyetoka vitani, akarudisha silaha, akachagua maisha ya raia kwa njia ya programu ya serikali. Huyu wa pili hana pensheni. Anachopewa ni msaada wa muda tu, wa kumvusha. Leo tunaongea juu yake.

Programu kubwa ya kwanza ya taifa zima ilianza mwaka 2004, ikiongozwa na ofisi iliyoitwa CONADER. Mpiganaji alifika katika kituo, akaandikishwa, akapimwa afya, kisha akaulizwa: unataka kuingia katika jeshi jipya, au kurudi nyumbani? Aliyechagua nyumbani alipewa dola 110 za safari na za kuanzia, halafu dola 25 kwa mwezi kwa muda wa mwaka mmoja. Baadaye angepata mafunzo ya kazi au vyombo: baiskeli, jembe na mbegu, cherehani. Watu zaidi ya 100,000 walipita njia hiyo, pamoja na watoto.

Kwenye karatasi ni vizuri. Sasa sikilizeni namna ilivyomwendea mtu mmoja ninayemjua. Jina lake silitaji, nitamwita Fundi.

Fundi alitoka jeshini mwaka 2005, na risasi ilikuwa imemwumiza mguu. Alikuwa ameacha shule katika mwaka wa nne wa msingi. Alipoulizwa anataka nini, alijibu: kusoma. Wakamwambia kusoma hakumo katika orodha, achague kazi. Akachagua ushonaji. Dola 25 zilikuja miezi fulani, miezi mingine hazikuja, na alipokwenda kuuliza, ofisi moja ilimwomba matabishi kabla ya kutafuta jina lake. Cherehani ilichelewa sana. Wenzake wengi waliuza vyombo vyao siku ileile walipovipokea, kwa sababu walikuwa na deni la chakula. Nasi tukawaita wavivu! Mtu uliyemwacha miezi na njaa, ukimpa cherehani bila kitambaa, bila uzi, bila mwalimu, umempa kitu cha kuuza.

Yeye hakuuza. Mama mmoja mshonaji, ambaye mwanawe hakurudi kutoka vita ileile, alimwambia alete cherehani yake akae pale pembeni mwa meza. Hakumpenda, alisema hivyo wazi. Alitaka tu amwone kila siku, ajue anafanya nini. Fundi alijifunza kwa mama huyo miaka miwili.

Na mguu? Katika kituo daktari aliutazama vizuri na kuandika karatasi. Nyumbani, mganga wa kituo cha afya aliisoma ile karatasi, akairudisha, akadai franka kama kwa mgonjwa mwingine yeyote. Matibabu yalikuwa yameishia mlangoni pa kambi. Kilichomsaidia ni chama cha kusaidiana kwa matibabu, ambamo majirani hutoa mchango kidogo kidogo kabla ya kuugua. Humo wamo wahami, wamo wajane, na yeye yumo, kila mtu kwa mchango uleule.

Magumu haya si ya Kongo peke yake. Tarehe 22 Mwezi wa sita 1944, Marekani ilitoa sheria kwa askari wake waliokuwa wakitoka katika vita kuu ya dunia: serikali ilipe masomo yao hadi dola 500 kwa mwaka, na juu yake dola 50 kwa mwezi za kuishi kwa asiye na familia. Zaidi ya watu milioni 2 waliingia vyuo vikuu kwa sheria hiyo. Wala sheria haikumtenga mtu kwa rangi. Lakini utekelezaji uliachwa mikononi mwa wakubwa wa kila mahali, benki za kila mahali, shule za kila mahali. Mwaka 1947, katika miji 13 ya jimbo la Mississippi, mikopo zaidi ya 3,000 ilitolewa kwa askari wa zamani. Weusi walipata miwili. Miwili tu, nao walikuwa wamepigana vita ileile. Mlango wa mwisho ndio uliwazuia, na mlango wa mwisho hushikwa na mtu wa karibu.

Sasa mama, nikujibu. Msaada ule si msamaha. Hakuna karatasi ya kurudisha silaha inayofuta mauaji au ubakaji. Kongo iliingia katika mkataba wa Roma mwaka 2002, na mwaka 2012 mahakama ya La Haye ilimhukumu Thomas Lubanga wa Ituri miaka 14 ya kifungo kwa kuingiza watoto vitani. Watoto wenyewe ni jambo jingine: sheria ya tarehe 10 Mwezi wa kwanza 2009 inasema serikali ndiyo yenye wajibu wa kuwatoa na kuwarudisha katika maisha ya kawaida. Kwa hiyo mwalimu anayemfukuza kijana kwa sababu alikuwa porini, anakwenda kinyume cha sheria. Nawe pia una sheria yako, ya tarehe 26 Mwezi wa kumi na mbili 2022, juu ya ulinzi na fidia kwa watu walioteswa na vita. Mfuko wake unaitwa FONAREV. Mkono unaompa yeye cherehani hauondoi deni la serikali kwako. Dai lako usiliache eti kwa sababu yeye amepewa.

Kwenu machefu nina maneno machache, nayo ni makali kidogo. Tangu tarehe 4 Mwezi wa saba 2021 kuna programu mpya, P-DDRCS, ambayo inataka kazi hii ifanyike pamoja na wakaaji wa mahali. Basi orodha zitapita mbele yenu. Msimwandike mtoto wa dada yenu ambaye hajawahi kushika bunduki. Karatasi ya ushuhuda msiiuze. Na mradi wa mafunzo ukifika kijijini, ulizeni hadharani, kwenye barza: katika nafasi hizi, ngapi ni za watoto wa wahami? Kama jibu ni sifuri, ombeni ibadilishwe kabla cherehani hazijashushwa kwenye lori.

Juma lijalo tutasoma ile sheria ya 2022 pamoja, polepole. Mwenye karatasi yoyote inayoonyesha alivyopoteza nyumba au ndugu, aiweke mahali pakavu.