Kiwanja cha kwanza: karatasi kabla ya tofali

Maneno ya mmoja wa wanamemba wetu katika mkutano wa chama, Baraka. Tumeyaandika kama alivyoyasema.



Prezida wa chama ameniomba niseme kidogo juu ya kuweka feza katika viwanja na nyumba, maana vijana wengi wanauliza: "Muzee, niko na feza kidogo, nianzie wapi?" Miye si tajiri. Niko na kiwanja kimoja na vyumba viwili vya kupangisha, basi. Lakini kabla ya hicho nilipoteza kingine, na njo hicho kilinifundisha.

Wengi wetu tulikimbia 1996. Tulivuka ziwa, wengine wakakaa Lugufu, wengine Nyarugusu. Meli za kuturudisha hapa Baraka zilianza 2005. Miye nilirudi nyuma kidogo, na feza niliyokusanya kambini kwa cherehani. Wiki ya 2 tu, nikapata kiwanja karibu na barabara, dolari 450. Mwenye kuuzisha alikuwa mtu wa heshima, na karatasi yake ilikuwa na sahihi tatu. Nikalipa. Nikachoma matofali, nikasimamisha kuta mpaka kwenye madirisha.

Siku moja akafika mama mmoja na watoto, mizigo ingali kichwani. Nilimfahamu: kule Nyarugusu tulichota maji kwenye bomba moja. Akatazama ukuta wangu, hakupiga kelele. Akasema: "Baba, huu muembe tulipanda miye na marehemu bwana yangu."

Tuliita chefu wa kijiji, wazee wa ukoo na majirani wa zamani. Wote walisema mama yuko na haki. Watu wengine walinisukuma: "Enda tribinali, uko na karatasi!" Lakini karatasi yangu ilisema nimelipa, haikusema kama yule aliyepokea alikuwa mwenye mali. Nilibomoa, nikabeba matofali yangu. Yule aliyeniuzishia alinirudishia dolari 100, kisha akahama.

Kwa hiyo, kijana, sikia.

Kwanza, usianze na bei. Anza na majirani wa pande zote nne. Uliza: "Hapa palikuwa pa nani kabla ya 1996? Yuko wapi leo?" Wakisema yuko kambini, tafuta simu yake. Leo simu inafika Nyarugusu kwa dakika moja. Sisi tuliorudi tunajua uchungu wa kukuta mtu ndani ya nyumba yako. Tusimfanyie mwenzetu vile vile.

Pili, angalia maneno ya karatasi. Kule Tanzania tulizoea "kununua" na "kuuza". Hapa kwetu wengi wanasema "kuuza" wakitaka kusema kununua, na "kuuzisha" kwa yule anayetoa mali. Niliona karatasi moja imeandikwa "fulani ameuza kiwanja", na kila upande ukaisoma kwa faida yake. Andikeni wazi: nani anatoa kiwanja, nani anakipokea na analipa ngapi, vipimo vya kila upande, na majina ya majirani. Bwana na bibi wa mwenye kuuzisha wote wawili watie sahihi, na watoto wakubwa wawe mashahidi. Bwana akiuzisha peke yake, kesho bibi atasimama, na sheria ya familia iko upande wake.

Tatu, jua karatasi uliyo nayo inafika wapi. Sheria ya udongo ya tarehe 20 Julai 1973 inasema udongo ni mali ya Serikali. Raia anapewa haki ya kuutumia. Sahihi ya chefu na barua ya kununua ni mwanzo mzuri, lakini haki kamili inatoka kwenye sertifika ya konservateri, nyuma ya wapimaji wa kadastre kupita. Na sertifika ikimaliza miaka 2, kuivunja ni kazi ngumu sana. Hiyo inakulinda wewe mwenye haki. Lakini inaweza kumlinda mnyang'anyi pia, kama mwenye mali yuko mbali na hana habari. Miaka 2 inapita upesi kwa mtu aliye kambini.

Ine, tazama maji. Kiwanja cha bei ndogo kando ya ziwa au mto kiko na sababu ya bei yake. Tunakumbuka Uvira, Aprili 2020, namna mto Mulongwe ulivyobeba nyumba. Ziwa nalo limepanda na kuingia katika nyumba za watu. Uliza wazee maji yalifika wapi, usiulize mwenye kuuzisha.

Tano, piga hesabu bila kujidanganya. Tuseme chumba kinakula dolari 700, na mpangaji analipa 10 kwa mwezi. Usihesabu miezi 12. Kuna miezi chumba kitakaa bure. Hesabu 10, ni dolari 100. Toa 20 za mabati yanayovuja na choo. Inabaki 80. Feza yako itarudi karibu miaka 9. Si mbaya, lakini kama ni feza ya mkopo wa mwaka mmoja, umekwisha. Anza na chumba kimoja, na feza ambayo watoto hawaihitaji kwa chakula wala kwa shule.

Mpangaji naye ni mtu. Sheria ya mwaka 2015 inasema garanti ya nyumba ya kukaa isipite miezi 3. Mwandikieni mkataba, mpeni risiti kila mwezi. Wengi wetu tumekuwa wapangaji, tunajua.

Mwisho, niko na ombi kwa chama na kwa wafadhili. Mlitupa mabati, tunashukuru sana, tunalala pakavu. Lakini bati juu ya kiwanja chenye kesi ni bati la kubomolewa. Naomba sehemu ya kase yetu iwe mkopo mdogo wa karatasi: kupima, kuandikisha, na usafiri wa kwenda ofisini. Tuanze na wajane, maana njo wa kwanza kunyang'anywa. Na tuwe na daftari la viwanja vya wenzetu walio bado kambini, kusudi memba yeyote anayetaka kununua alifungue kwanza.

Na wewe kijana mwenye feza mfukoni, kabla ya kulipa hata franka moja, leta ile karatasi hapa tuisome pamoja. Miye sikuwa na mtu wa kunisomea.